Mkanda wa Tisa

Alikuja Kariokor mvua ya Aprili ikinyesha,
ngoma ameifunika shuka kifuani
kama mtoto anayewahishwa kliniki.
Mimi nashona soli. Sandali, mishipi, kamba za mbwa wa Runda.
Nikamwambia, mzee, ngoma siijui.
Akasema: Ngozi unaijua.

Gogo la mfenesi, kutoka kusini kabisa kwa babu zake,
ambako yeye hakuzaliwa. Alizaliwa Ngara.
Mchana ni mhasibu wa duka la vipuri, barabara ya Lunga Lunga.
Jioni, vidole.

Nikamwuliza, mnyama gani hapa?
Akatazama viatu vyake.
Mbuzi, akasema. Kisha, polepole: Na ng'ombe.
Mtu ambaye hajaonja hata mchuzi wa mfupa
roho yake yote inakula juu ya ng'ombe!
Nilicheka. Yeye hakucheka.
Siku hiyo alikataa kigoda changu,
akasimama saa nzima, mikono nyuma,
mbali na rundo la ngozi mbichi.

Mwaka wa tatu aliketi.

Mwaka wa sita akaniletea kadi.
Ukumbi wa Parklands, Julai, baridi ya kung'ata masikio.
Tangazo mlangoni: jina la mwimbaji, mgeni wa Chennai,
nene kama kichwa cha gazeti;
chini yake la mpiga fidla;
chini kabisa, Raghunathan, herufi moja imeanguka.

Nyuma ya pazia alikuwa akikanda semolina na maji,
donge dogo, akalibandika uso wa kushoto
ili ngoma iote tumbo.
Ikikosekana, akanong'ona, nimewahi kutumia sima.

Akaketi kuliani kwa mwimbaji,
na kwa saa nzima na nusu hakumtazama mtu
ila kile kinywa. Kilipovuta pumzi, yeye alikwisha fika.
Mwimbaji alijikwaa mara moja
(nilijua kwa namna fidla ilivyoshtuka);
Raghunathan akatupa pigo pale penye shimo,
likawa daraja,
wimbo ukavuka bila kutazama chini.

Ndipo mwimbaji akanyamaza, akampa kiganja: zamu yako.

Viti vikaanza kulia.
Chai. Choo. Simu.
Ta-ka-di-mi, ta-ka-jo-nu,
tano ndani ya nane, saba ndani ya nane,
hesabu zisizofungwa mwisho wa mwezi,
anapotea, anapotea,
kisha yuko mlangoni, pigo la kwanza, hajachelewa.
Wazee wawili wa mbele wanahesabu kwa mapaja.
Mtoto mmoja amelala.
Na mimi.

Mimi nilikuwa nasikia jambo jingine:
mkanda wa tisa, ule niliouunga kwa kiraka
kwa kubana matumizi yangu, si yake,
kwi, kila kushoto kulipogongwa. Kwi.
Niliomba sakafu inimeze na kitambulisho changu.

Dakika kumi na moja.
Wakarudi na vikombe. Makofi. Shada la maua
likapita mbele ya magoti yake likielekea kati.

Nje, kwenye maegesho, nilimwambia:
Lete Jumatatu. Mkanda wa tisa.
Nimeusikia, akasema.
Mbona hukusimama?
Ningesimamaje? Nilikuwa nausindikiza.

Akafungua buti ya gari, akapakata ngoma,
akatoa sarafu ya shilingi kumi
na kuanza kukwangua unga uliokauka.