Pua Isiyopumua

Ravdna anamlaza samoni kwenye sponji iliyolowa,
mrija wa maji baridi mdomoni, asife kabla ya kujibu.
Nje, mto Tana umeanza kuganda kandokando.

Pua ya samaki haivuti pumzi.
Ni vishimo viwili, na ndani yake mikunjo
iliyobanana kama petali za ua lililokataa kuchanua.
Maji hupita. Kinachonuka hunaswa,
neva zikapeleka habari,
tunguu la ubongo likachambua:
hii damu, huyu adui, kule kwetu.

Tone la kwanza, maji ya bomba. Mstari umelala.
Tone la pili, mto wa jirani. Umejigeuza tu.
La tatu limetoka kijito cha nyuma ya nyumba ya mama,
na mstari ukaruka hadi ukingo wa skrini.

Miaka mitatu baharini, na bado!
Maji hufuata mkondo; yeye aliupanda.

Ravdna anafungua ile chupa, anainusa.
Tangu homa ya mwaka juzi hanusi kitu,
si kahawa, si moshi ulioganda kwenye shali ya marehemu.

Anarudia kuusoma mstari, polepole,
kama barua aliyoandikiwa mwingine.