Karatasi ya Barsaba

Thelathini na nane kwa thelathini na nane.
Katibu alilamba kidole, akahesabu mara ya nne,
na feni ya kanisa letu pale Yombo Vituka
ikaendelea kukata joto vipande bila kulipunguza.
Mchungaji akasema: basi, kura imeshindwa,
tupige kura.

Nilicheka peke yangu. Kiswahili hakikutupa neno la pili.
Kura ya mtu anayejua anachotaka
na kura ya mtu aliyechoka kujua
zina jina moja, na zote hupigwa,
kama ngoma, kama mtoto.

Mwakatobe upande ule, mimi upande huu,
katikati kikapu cha sadaka kilichoondolewa noti zake.
Majina yetu yaliandikwa nyuma ya kalenda ya mwaka jana,
yakakunjwa mara nne.
Wazee wa Moravian wa zamani, mchungaji alisema,
walipiga kura hata nani aoe nani.
Akatukumbusha Shilo, nchi ikigawanywa kabila kwa kabila;
mabaharia waliotaka kujua dhoruba ni ya nani;
wale kumi na mmoja waliosimamisha wawili
wakamwachia Bwana kidole.
Hakuwataja askari.
Mimi niliwakumbuka: vazi lisilo na mshono,
na kura iliyoanguka vizuri tu
kwa watu ambao hawakuwa wameomba.

Akaitwa Tusekile, mjukuu wa mpiga kinanda,
miaka sita, majina marefu bado yanamshinda.
Alifumba macho kuliko alivyoagizwa.
Akazamisha mkono.

Mwakatobe.

Watu wakasema amina. Nami nikasema amina,
yangu ikachelewa
kama mtu anayeshuka ngazi kwa goti bovu.

Hakuna anayesimulia Barsaba alivyorudi nyumbani.
Alikuwa na majina matatu, Yusufu, Barsaba, Yusto,
na yote matatu hayakutosha.
Mkewe alimwuliza, au alisoma miguu yake mlangoni?
Kesho yake, Mathiya alipopita njiani,
nani alianza kusalimia?
Habari inamfungia mlango hapo hapo,
naye amebaki nje tangu siku ile,
ameshika kofia.

Wakati wa kufagia niliichukua karatasi iliyobaki.
Niliikunjua nje, kwenye taa ya bajaji iliyosubiri abiria.
Ambakisye, mwandiko wa katibu, herufi ya mwisho imeteleza.
Na juu ya jina, alama nyekundu ya kidole kidogo.
Ubuyu.

Aliligusa langu kwanza.
Akaliacha.

Wiki nzima nimeigeuza alama hiyo
dukani Gerezani, kati ya kompresa na mitungi ya gesi.
Kitu kinachonata hushikika;
hiki kilinata kikaachiwa.
Ni nani aliyesogeza kidole kile? Feni?
Mbegu ya ubuyu mdomoni iliyomsahaulisha mtoto alichoshika?
Jumapili nilimnunulia pakiti nzima nikamfuata uani.
Alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti,
na swali langu likaonekana kubwa kuliko yeye.
Nikamwambia asile zote siku moja.

Tumpe, mke wangu, alikuwa akikuna nazi.
Ulitaka Mungu akuchague, akasema,
au ulitaka tuone umechaguliwa?
Hakuinua macho, ili jibu lisione aibu.
Halikutoka hata hivyo.

Saa nane usiku bomba lilikohoa.
Siku tano hatujaona maji.
Nilijaza ndoo zetu zote, na sufuria, na beseni la kufulia.
Kisha, kwa hasira kidogo, nikajaza na za Mwakatobe,
ambaye mguu wake wa kisukari haumfikishi bombani
na ambaye alikuwa anakoroma, mzee mpya wa kanisa,
nikimsikia kupitia dirishani.

Karatasi ilikuwa mfuko wa shati. Ililowa.
Alama ya ubuyu ilienea mpaka ikalifunika jina,
na nilipoinyoosha juu ya friji ikauke
sikuweza tena kusema
kidole kilianzia wapi.