Geuka Uangalie Kufuli

Mzee Gokaldas aliuliza mara tatu, kwa upole,
kama mtu anayeuliza bei asiyokusudia kulipa:
"Nani atashika moto?"
Baba hakupata mtoto wa kiume. Yupo Kirit, wa shangazi,
yuko Dubai, akitoka sasa hivi atafika saa kumi.
Kisha akakumbuka mpaka, na foleni ya Hatta,
akasema, basi, saa kumi na mbili.

Dada Hemlata hakujibu. Alikuwa akihesabu karatasi:
ya hospitali, ya polisi, ya ubalozi,
ya manispaa yenye muhuri uliopinda.
Ni mimi niliyesema. Sauti ilitoka nyembamba,
ile ya kumwambia mteja kwamba tunafunga.
"Tupo wawili."

Bi Zuwena wa ghorofa ya juu alikaa mlangoni
na birika la kahawa alilokuja nalo bila kuombwa.
Alfajiri ile alitupa neno la kwao, na la baba pia,
maana baba alizaliwa Hurumzi,
akafika Matrah na sanduku moja la vifungo:
"Makiwa."
Tukajibu kama tulivyofunzwa jikoni:
"Tunayo."

Kilomita mia mbili na ushei hadi Sohar.
Gari la wagonjwa mbele, baba ndani yake, na barafu.
Sisi nyuma, na makopo ya samli, na ufuta,
na chungu kipya nilichokipakata kama mtoto wa watu.
Kwenye kila kamera ya barabarani Hemlata alipunguza mwendo.
Hata leo? nilimwuliza.
Hata leo, alisema. Gari lina jina lake,
faini ikija itamjia yeye.

Julai. Joto la huko halina adabu,
lilikuwa limefika kabla ya moto wetu.
Maharaji alitafuta kichwa cha kunyoa, akatuona,
akaukunja wembe taratibu ndani ya kitambaa.
Alisema maneno, nikayarudia. Mengine sikuyaelewa.
Tone la maji ya Ganga
yaliyosafiri ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi.
Jani la mrehani juu ya ulimi
uliotufundisha kuhesabu: kwa Kikachi vifungo vya shaba,
kwa Kiarabu vya chaza,
kwa Kiswahili vile visivyo na pacha.

Ningependa kusema kwamba alituusia.
Hakuusia. Alikuwa mtu wa kesho.
Siku mama alipochomwa alituachia nyumba tuilinde,
akarudi jioni na moshi kwenye shati,
akaoga muda mrefu, nasi hatukuuliza.
Sijui leo angetutazama kwa jicho lipi.

Chungu begani, nikazunguka kuni.
Kila mzunguko Hemlata alikitoboa kwa jiwe,
maji yakanichuruzika mgongoni,
kitu cha kwanza cha baridi siku ile.
Mzunguko wa tatu nikakiachia kwa nyuma.
Kilivunjika kwa sauti ndogo kuliko nilivyoiogopa.

Mwenge tuliushika sote, mikono minne kijiti kimoja,
kama tulivyokuwa tukivuta pamoja
ule mlango wa bati wa dukani
uliokwama kila saa saba mchana.
Samli ikaitika. Kuni zikaanza kusema.

"Sasa nendeni," alisema maharaji, "wala msigeuke."
Hemlata akatangulia, shingo imenyooka,
mtiifu, kama aendavyo benki.

Lakini miaka thelathini na mmoja
mtu huyu alinikumbusha jambo moja kila usiku,
nikiwa nimeshashuka ngazi, nimeshachoka,
nimeshafika taa ya mtaani:
ukifunga, Pravina, geuka uangalie kufuli.

Niligeuka.

Mzee Gokaldas aliniona.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati,
akaitazama, akaifuta tena.