Kidevu Chini

Ulifika mwezi wa kamani, Signe,
wadudu wa ziwa wamesimama angani kama moshi wa mkaa mbichi.
Ukafumba mdomo, ukasahau kusalimia.
Sikukasirika. Kamani hawangoji adabu ya mtu.

Begi lako lilijaa baluni na nyota za kubandika,
na kijitabu cha maneno yetu ulichokisoma njia nzima.
"Shikamoo," ukamwambia Doto, mtoto wa miaka sita,
Doto akacheka hadi mkojo ukamtoka.
Shuka lile nililifua mimi.

Buswelu ni mawe juu ya mawe.
Kile kiti cha magurudumu kilicholetwa kwa meli
kiligoma siku ya kwanza; kilizoea sakafu.
Magesa fundi baiskeli akakivua matairi membamba,
akakivisha ya baiskeli ya mizigo,
Limi akateremka nacho mpaka bombani
akiwafokea kuku wampishe.

Mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Sisi hatuna shamba. Nilikupa kijiko,
na Shija.

Ukamlaza chali, ukammiminia uji.
Akapaliwa. Midomo ikawa ya zambarau.
Nilikunyang'anya kijiko bila neno zuri,
ukaenda kulia nyuma ya tangi la maji,
nikakuona, nikaendelea kumpangusa.
Jioni niliuchukua mkono wako
nikauweka hivi, kisogoni pake:
mkalishe wima. Kidevu chini.
Nusu kijiko. Ngoja.
Ngoja tena, koo lake lina mlango mzito,
hufunguka likishabishwa hodi mara mbili.

Bakuli moja, dakika arobaini.
Siku ya tisa uliacha kuangalia saa.

Usiku mmoja umeme umekatika, tunakunja nepi kwa kupapasa,
ukaniuliza kwa nini nafanya kazi hii.
Nikasema: mshahara.
Ukanyamaza. Labda jibu lilikutosha.
Sikukwambia habari za chumba cha nyuma kule Sengerema,
pazia la khanga,
na mwanangu Mhoja mwenye shingo kama ya Shija
niliyemlisha chali miaka minne
kwa sababu hakuna aliyenishika mkono,
kwa sababu watu walipobisha hodi
nilijibu, nipo peke yangu.
Namna ile ya kushika kisogo
nilifundishwa Bugando, na muuguzi mwenye haraka,
mwaka mmoja baada ya matanga.

Kwa hiyo usidhani nilikufokea wewe.

Uliondoka Jumanne.
Ukutani uliacha alama za penseli, urefu wa kila mtoto.
Shija ulimpima amelala,
ukachora mstari wake ubavuni, sambamba na sakafu,
na jina lake kwa herufi kubwa.
Mpaka rangi wa manispaa alitaka kuufuta mwezi wa saba.
Nilimwambia apake kuuzunguka. Akaniona nina wazimu.

Kila Jumanne geti likilia Shija hugeuza kichwa.
Nilianza kukuandikia kwamba anakungoja,
nikafika mstari wa pili, nikatoka kuchungulia:
ni baiskeli ya muuza maziwa,
ile debe inayogonga debe.
Barua nikaichana.
Mtoto ana haki ya kupenda maziwa.

Limi siku hizi anasoma Nyakabungo,
anauza karanga wakati wa mapumziko, na anadaiwa na nusu ya darasa.
Doto bado anaulizwa Kulwa wake yuko wapi,
na bado anaonyesha kidole upande wa ziwa
ingawa sisi tunajua hakuzikwa huko.
Nyota zako darini zimebaki nne.

Leo ameshuka mwingine, kijana mrefu,
shingo imeshaungua jua kabla ya saa nne.
Ana begi. Anatabasamu kwa kila kitu, hata kwa ndoo.
Sikumngojea siku ya tatu.
Nimempa sabuni.

Nawa. Kaa hapa.
Lete mkono.