Mbao Ikirudi

Ukutani, karakana ya Govan, pana tundu la ukubwa wa yai.
Ishbel halizibi. Kila mgeni humsimamisha hapo,
atie kidole mpaka kifundo,
kisha humwambia: hicho kilikuwa kipande cha msonobari,
kifupi kama rula, na mimi nilikuwa nimesimama
hatua moja kushoto.
Haongezi neno.

Nimekuja kutengeneza kitanda cha mtoto.
Nje ni mvua ya Glasgow, isiyonyesha wala kuacha;
ndani ni harufu ya mbao na chai iliyosahauliwa kando ya randa.

"Ondoka njiani mwake," asema.
Meno ya mbele hushuka, huukandamiza ubao mezani.
Meno ya nyuma hupanda.
Hayo ndiyo ya kuogopa: ubao ukipinda unene wa ukucha,
ukabanwa kati ya diski na reli,
meno ya nyuma huunyanyua, huubeba,
huutupa ulikotoka.
Na ulikotoka ni tumboni mwako.

Nauliza, mti uliokwisha kufa hasira unaitoa wapi?
Anacheka. Miaka sitini umevutana na upepo wa upande mmoja,
leo unaufungua mshono,
ulidhani utalala wima kama askari?

Hapo nikamkumbuka mjomba Shekue,
Shume, kwenye shimo la kupasulia:
baba juu ya gogo, mjomba chini, unga wa mbao kwenye kope,
msumeno ukienda na kurudi, enda, rudi,
na kila dhiraa moja sauti kutoka shimoni:
Kabari!
Baba akachomeka kabari kwenye mpasuo
gogo lisifumbe mdomo, lisiume chuma.
Nilikuwa na miaka sita. Nilidhani ni salamu ya kazi.
Nami nikawa naitikia, Kabari! wakacheka wote wawili.

Sasa nakitazama nyuma ya diski
kile kisu chembamba kisichokata kitu,
kimesimama tu kwenye mpasuo
kama mtu aliyewashikia wenzake mlango.
"Wako wanaoking'oa," Ishbel asema, "eti kinawachelewesha."
Kabari, namwambia. Kwetu ni kabari.
Analijaribu neno, linamkwama kwenye r,
analisukuma tena, linapita.

Basi nasimama kando.
Reli nimeipima kwa futi, mbele na nyuma, mara mbili.
Glavu nimevua. Mkono wa kulia umeshika kijiti,
wa kushoto uko mbali na tamaa.
Nasukuma mpaka ubao uvuke wote.
Kuuvuta nyuma, hapana, hata moyo ukisita katikati.

Neno hili kurudi lina mizigo.
Nguo hurudi ikifuliwa.
Mtoto hurudiwa akikosa.
Mama kila Ijumaa kwenye simu: utarudi lini?
nami najibu kwa habari za hali ya hewa.
Mbao haiulizi. Mbao ikirudi
haibishi hodi.

Ubao umevuka. Vipande viwili, kimoja kimepinda tayari
kama kilichokuwa kikisubiri ruhusa.
Nazima. Nanyoosha mkono kukichukua
na Ishbel, bila kupaza sauti, ananishika kiwiko:
bado.
Diski inazunguka kimya, inang'aa kama sahani safi.
Tunangoja, yeye na mimi, na tundu ukutani,
mpaka meno yahesabike.