Nusu Milimita

Saa tisa usiku, chumba cha upasuaji namba mbili.
Mkono wa roboti umesimama wima,
haujui uko wapi.
Kamera ina macho mawili
nayo haijui mkono uko wapi.
Kazi yangu usiku huu ni ushenga.

Natoa ubao wa miraba, mweusi mweupe, mweusi mweupe,
kama wa drafti pale kwa vinyozi wa Majengo.
Nauinamisha, nauinua, nauzungusha:
hii ni kona. Na hii pia.
Ukiiona tena utaijua?
Kioo kinajibu: kosa, moja nukta mbili.

Baba, seremala wa Kongwa, angecheka.
Milimita moja kwake ni mstari wa penseli
aliyoichonga kwa wembe na kuichomeka sikioni.
"Mlango ukikaza, kiangazi kitaulegeza."
Lakini nyonga ya Mama Mendukwa si mlango.
Aliteleza shambani kwake Mpunguzi
akifunga mzabibu kwenye waya,
na saa mbili asubuhi msumeno utafuata
kila nilichouambia,
hata uongo.

Nafuta lenzi. Vumbi jekundu tena;
Dodoma huingia hata palipozibwa kwa mpira.
Nabadili kigololi kimoja kilichofifia.
Nukta tisa.
Nukta sita.
Nukta nne! Inatosha, chini ya nusu.
Naandika daftarini: Sechelela Chibago, saa kumi na robo,

na koleo zinagongana kwenye sinia.
Mara moja tu. Halafu kimya.
Ardhi yetu hii ina tabia ya kujigeuza usingizini.
Muuguzi wa zamu anachungulia mlangoni:
"Umesikia?"
"Mimi sijasikia. Yeye kasikia."
Namwonyesha kioo: nukta nane.

Nakata mstari juu ya jina langu.
Nakaza miguu ya kamera, skrubu kwa skrubu,
narudi kona ya kwanza.

Kunakucha. Kitanda cha magurudumu kinapita koridoni,
Mama Mendukwa kalala chali, kilemba cha karatasi kichwani,
ananishika upindo wa koti:
"Mwanangu, hilo dude linaona?"
"Linaona nilipolionyesha."
Ananitazama macho yangu mekundu,
muda mrefu, kama anayepima shada kabla ya kulikata.
"Basi na wewe
uwe umeona vizuri."