Hakuja. Hana Viatu.

Saa nne usiku. Chai imepoa,
madaftari thelathini yamenigeuzia mgongo,
na mtandao wa bonde hili la Welisi
hutembea kwa mkongojo kila mvua inapopiga.
Natafuta somo la kesho: Shule za Zamani.

Kitabu cha kiada kina ukurasa mmoja tu,
mtoto wa Landani anatabasamu
kwa meno ya mchoraji.
Sisi tuna mlima wa vifusi vya machimbo
nyuma ya choo cha wavulana,
na hakuna aliyeuchora.

Ndipo nikafungua nyaraka za kaunti.
Hakuna kiingilio, hakuna nywila.
Mtu nisiyemjua,
pengine mwenye glavu nyeupe na mafua,
amepiga picha kurasa za kitabu cha matukio
cha shule hii hii, yenye dari hii hii inayovuja,
tangu mwalimu mkuu wa kwanza alipochovya kalamu.
Nakuza kwa vidole viwili.
Wino unanijia kama siafu.

*Januari 9. Theluji. Waliofika ni kumi na mmoja.*
*Januari 12. Makaa yamekwisha. Tumeimba tupate joto.*
*Machi 3. Idwal Pugh hakuja. Hana viatu.*
*Machi 4. Idwal Pugh hakuja.*
*Machi 5. Idwal amekuja na viatu vya mama yake.*
*Nimemkataza yeyote kucheka.*

Nilikaa.
Printa ikaomba wino, nikaipa wa mwisho,
ule niliouficha kwa ajili ya ripoti ya mkaguzi.

Asubuhi Gwenllian akasema, "Huu mwandiko wa kuku,"
na darasa zima likakubali kushindwa.
Isipokuwa Macsen, wa karibu na radieta,
ambaye tangu Septemba hajasoma kwa sauti hata jina lake.
Aliweka ukucha chini ya mstari,
akausukuma taratibu, kama anayeondoa magamba,
akasoma. Neno kwa neno. Mpaka kwenye viatu.
"Bibi yangu huandika hivi," akasema,
"orodha ya dukani."

Basi wakataka kujua: alipata viatu?
Tukafunua Aprili: kifaduro.
Tukafunua Mei: viazi, mkaguzi, viazi tena.
Juni ilikuwa doa la maji
lenye umbo la sikio,
na baada ya doa, mwandiko wa mwalimu mwingine
ambaye hakumtaja Idwal kabisa.
Gwenllian aliapa kwamba alinunuliwa, vya ngozi, vyenye vifungo.
Wengine wakasema alikufa, maana watoto
hupenda watu wa zamani wafe.
Macsen alikuwa ameshageukia dirisha.
"Alikua," akasema. "Vya mama vikamtosha."

Kengele ikalia, na hakuna aliyeinuka haraka.

Husemwa mali bila daftari hupotea bila habari.
Na mtoto je?
Jioni nimefungua rejista yangu kwenye kompyuta.
Nerys, safu ya tatu, siku ya tano leo.
Mfumo unataka herufi moja:
herufi ya *hayupo, bila ruhusa*,
herufi iliyo mviringo kama mdomo wa aliyenyimwa neno.
Niliibonyeza Jumatatu. Niliibonyeza Jumanne.
Sitadanganya, niliibonyeza na jana.

Pembeni kuna kisanduku cha maelezo
ambacho hakuna anayekifungua.
Nikavaa koti nikapanda mtaa wa juu, nikabisha,
kisha nikarudi na mvua shingoni, nikaandika:
*Nerys hakuja. Mama yuko zamu ya usiku,*
*mdogo wake ana homa. Alinifungulia mlango*
*akiwa na unga hadi viwiko. Ameuliza tumefika sura ya ngapi.*

Wewe wa miaka mia ijayo,
mwenye mafua au usiye nayo,
kuza hapa kwa vidole viwili.

Kesho ninunue wino.